Mwaka Aliopumzika Mama Sekela

Siku tuliyomzika mke wangu, kijana wa ndugu yangu alisimama chini ya turubai hapa Mlandege, Iringa, akavaa miwani, akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri ya mtangazaji wa redio. Alisoma alikozaliwa, shule alizofundisha, watoto na wajukuu aliowaacha. Mwishoni akainua kichwa, akasema, "Mama yetu Atupele alikuwa mchapakazi. Tangu ujana wake hakujua kupumzika, hata siku moja." Watu wakaitikia kwa kuguna, wa nyuma wakapiga makofi, na mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Kweli kabisa!" Mimi nilikuwa nimekaa mbele, binti yangu Sekela ameniegemea begani, na hapo ndipo machozi yaliponikauka. Nilikasirika. Mtu analala ndani ya sanduku, hawezi kujitetea, halafu wanamsingizia sifa ambayo ilikaribia kumuua. Hakujua kupumzika! Alijua sana. Alipumzika, mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya sabini, na mapumziko yale hatukupewa na mtu, tuliyapata kwa ugomvi na kwa kuchekwa, na bila hayo nisingemzika akiwa bibi mwenye mvi. Ningemzika nikiwa kijana. Kwa hiyo naandika, kwa sababu pale msibani niliambiwa nitulie.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga vyumba viwili hapa hapa Mlandege, kimoja cha kulala, kingine cha kila kitu kingine. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Nurali, mtu mpole aliyependa kula karanga huku akipima khanga. Atupele alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wasiozikumbuka siku zile hawajui maana ya neno kazi. Kila mkutano ulifunguliwa na kazi ukafungwa na kazi, na asiyeonekana akitoka jasho aliitwa kupe. Asubuhi Atupele alifundisha watoto. Mchana alikwenda nao shamba la shule kupalilia mahindi. Jioni aliwafundisha watu wazima kusoma, wengine wakiwa wazazi wa watoto wale wale, na wakichelewa yeye ndiye aliyewafuata majumbani kuwabembeleza. Jumamosi kulikuwa na gwaride la mgambo. Jumapili kulikuwa na kanisa, na kanisani nako alipangiwa watoto, maana mwalimu ni mwalimu. Akirudi nyumbani alikuta jiko la mkaa limepoa, Sekela mdogo ana njaa, na ndoo ya maji tupu mlangoni. Na kila aliyekutana naye njiani alimwambia neno lile lile: "Hongera mwalimu, unajitahidi."

Nilianza kuona mambo madogo. Alitia chumvi kwenye chai akainywa bila kushtuka. Alikaa mbele ya sufuria ya maharage mpaka yakaungua, macho yake yakiwa wazi. Kifuniko kikianguka sakafuni alilia kama aliyepata habari ya msiba, halafu akajifuta na kuomba radhi. Nikimwambia alale alisema, "Nikilala nani atasahihisha?" Kisha siku moja mwalimu mwenzake alikuja mbio barazani kwangu, viatu mkononi, akaniita pembeni. Atupele alikuwa amesimama ubaoni, ameandika tarehe, akaigeukia ile tarehe na kuitazama kama maandishi ya Kichina, kisha akaketi chini sakafuni, uso ukutani, na hakuinuka. Watoto walidhani ni mchezo wa somo, nao wakaketi chini wote. Nilipofika nilimkuta vile vile, darasa zima limekaa kwenye simenti kimya, naye ameshika chaki. Niliita jina lake. Akasema, "Baba Sekela, naomba unisaidie, sijui kinachofuata baada ya tarehe."

Hospitali walimpima damu, hakuna malaria. Walimpima mkojo, hakuna mimba. Daktari alikuwa mzee mwembamba, mwenye kikohozi kikali kuliko wagonjwa wake. Alimuuliza Atupele analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, nani anachota maji. Kisha akanigeukia mimi. "Mkeo amechoka," akasema. Nikamuuliza dawa yake. "Apumzike. Asifundishe, asilime, asipike, asipokee wageni. Miezi, si siku. Akiendelea hivi, utampoteza, kichwa kwanza, mwili baadaye." Hilo la wageni alilirudia mara ya pili akinitazama machoni, nami moyoni nikacheka kidogo. Nilidhani kazi ndiyo ngumu kuzuia.

Mwalimu mkuu alikisoma cheti cha daktari akiwa amesimama, hakunikaribisha kiti. "Uchovu!" akasema. "Bwana, nani hajachoka? Mimi sijachoka? Nchi nzima imechoka." Nikamwambia nchi nzima haijakaa chini ikasahau tarehe. Alitoa ruhusa kwa mdomo uliopinda, na kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia mtaani kwamba mwalimu fulani amepewa likizo kwa ugonjwa usiokuwa na jina. Laiti angevunjika mguu! Mguu uliofungwa plasta watu wanauona, wanauheshimu, wanausogezea kigoda. Lakini mwanamke aliyekaa kitandani hana homa, hana kidonda, hajakonda, huyo anadeka.

Wakaja. Nasema wakaja! Kwetu mgonjwa hujuliwa hali, na ni desturi njema, siipingi. Lakini hawa walikuja kuchunguza. Walikaa kwenye ukingo wa kitanda, wengine miguuni pake, wakala maandazi na kunywa chai. Na chai hiyo nani aliipika? Mimi nilipika, na hilo likawa jambo la pili la kuzungumzwa. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, nikawasikia wanawake wawili wakisemezana dirishani. "Mbona hata hajakonda?" "We, hukuona nani anafua? Mwanaume mzima anaanika gauni la mke." "Huyo ameshalishwa limbwata, si bure." "Sasa nani mgonjwa hapo? Mgonjwa ni yule mume." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilipoingia ndani nikakuta Atupele ameinuka, amejifunga khanga kiunoni, anawamiminia chai, anawaambia karibuni, karibuni. Hao hao waliokuja kumpa pole. Waliaga wakisema, "Ashukuriwe Mungu, umeshapata nafuu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wale walikalia kitanda chenyewe na bado hawakuwajua.

Nikaamua nimpeleke mbali. Dada yangu mkubwa, Subilaga, alikuwa ameolewa Uyole, ana nyumba ya nafasi, shamba la migomba nyuma, na moyo mkunjufu. Bwana Nurali aliniambia, "Nenda fundi, cherehani haina miguu, utaikuta." Tukapanda basi alfajiri, Sekela mapajani mwangu, Atupele dirishani. Kabla ya Mafinga alikuwa amelala. Alilala mdomo wazi, kichwa kikigonga kioo, nikaweka kiganja changu katikati ya kichwa na kioo, na kiganja hicho kilikaa hapo mpaka kikafa ganzi. Tulipofika Igawa basi likasimama ili watu wapate kula. Abiria wote wakashuka kukimbilia wali na nyama, na kondakta akaja kumwamsha Atupele. "Mama ashuke, achangamke kidogo, atalala mpaka lini?" Nikamwambia mwache. Abiria mmoja akarudi na kipande cha muhogo wa kuchoma, akamgusa Atupele begani kwa wema kabisa, "Mama, mama, kula." Nikamshika mkono yule baba. Nilimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mtu akilala anamkosea nani? Lakini hatukuweza kukaa ndani ya basi maisha yetu yote.

Dada Subilaga alitupokea kwa vigelegele. "Mwe, wifi yangu! Karibuni! Ndaga fijo, asanteni sana kuja!" Alichinja kuku, akatandika shuka mpya, na jioni ile ile akautangazia ujirani wote kwamba wifi yake amekuja, mgonjwa. Kesho yake wakafika wanawake wa kanisani kwa nyimbo na maombi, wakatandika mikeka chumba kizima. Kesho yake tena wakafika wake wa ukoo wetu, maana mke wa mtu haji kwa ndugu wa mume bila kuonekana. Aonekane, tena aonekane na kisu cha kumenya ndizi mkononi. Hakuna aliyemlazimisha kwa maneno. Walisema, "Pumzika wifi, pumzika," huku wakimsogezea beseni. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa karibu na jiko, nikamsikia dada akimweleza jirani, akikoroga maharage: "Mimi nimezaa saba, sijawahi kulala mchana. Kulala mchana ni kwa kuku mwenye kideri." Dada yangu hakuwa mbaya. Alinilea, nilimpenda, na nilitamani kummwagia yale maharage miguuni. Ukuta wa pale ulikuwa wa udongo na chumba cha Atupele kilikuwa upande wa pili. Alisikia. Akatoka, akachukua kisu, akaketi kumenya.

Nilimfuata mpaka kwenye migomba alikokwenda kutupa maganda. Alikuwa amejikata kidole na hakuwa amegundua. Nikamfunga kwa kipande cha leso. Akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya kuomba kiberiti, "Baba Sekela, nirudishe Iringa nikafundishe. Kule angalau kuna kengele ya kutoka." Nilikuwa nimeacha kazi yangu, nimemtoa kazini kwake, nimechekwa, nimesafiri, na kwa yote hayo nilikuwa nimemtoa mahali penye kengele nikamleta mahali pasipo na kengele. Nilimwona anarudi jikoni na beseni kichwani, na nikajua daktari alisema kweli, ninampoteza.

Ndipo akaja Tata. Baba yangu alikuwa anaishi huko chini, upande wa Tukuyu, na alikuwa amesikia kwamba mkamwana wake anaumwa. Hakutoa taarifa. Alishuka kwenye lori barabara kuu na shuka begani, mkungu wa ndizi, fimbo, na kigoda chake cha miguu mitatu, kwa sababu hakuamini viti vya watu. Akakohoa uani. Basi, inabidi nieleze kwa wale wasiojua. Kwetu Wanyakyusa wa zamani zile mkamwana na baba mkwe hawakutani macho. Mkamwana akisikia sauti ya mkwe hujificha, hamtaji jina, na wakipishana njiani mama huingia migombani mpaka mzee apite. Tunaambiwa ni heshima. Mimi, kijana wa mjini, niliiona adha tupu, na adha yenyewe ni ya mwanamke, maana mzee anapita katikati ya njia na mama ndiye anayekanyaga miiba. Atupele aliposikia kile kikohozi aliacha kisu, akaacha beseni, akakimbilia chumbani na kufunga mlango. Tata akaweka kigoda chake barazani, hatua chache kutoka mlango ule, akanyoosha miguu, akaomba maji.

Hapo nyumba ikabadilika. Atupele hakuweza kutoka kwa upande wa mbele, na hakuna aliyeweza kumwita. Nani angethubutu kumwita mkamwana apite mbele ya mkwewe? Dada alimenya ndizi peke yake, akinung'unika chini chini, maana yeye ni binti na kumhudumia baba ni haki yake. Wake wa ukoo walifika kwa shangwe hadi penye uzio, wakamwona mzee, wakajifunika vichwa na kutawanyika migombani kama kuku waliomwona mwewe, kwa sababu wao nao ni wakamwana wake. Wale wa kanisani waliketi kidogo, wakaona hakuna wa kumtazama, wakaaga. Mchana ukapita kimya. Nilisikiliza mlangoni, nikasikia mke wangu anakoroma. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kuliko ule.

Jua lilipokuwa linashuka Tata akasimama, akachukua fimbo yake. Nilimfuata, nikamshika shuka.

"Tata, usiondoke."

"Kuna nini? Ng'ombe wangu nani atawafunga?"

"Mke wangu amelala. Ukiondoka watamwamsha."

Aligeuza macho kuelekea mlango ule, kisha haraka akayaondoa, kwa sababu hata kuutazama haikuwa adabu. "Amechoka?" akauliza.

"Amechoka, Tata."

Nilijiandaa kueleza, kama nilivyozoea kueleza kwa kila mtu. Hakuuliza homa iko wapi. Hakuuliza nani kamroga. Alisugua fimbo yake kwa kidole gumba muda mrefu. "Mama yako alichoka hivyo," akasema. "Na mlangoni hakukaa mtu." Akarudi, akaketi kwenye kigoda, akamwambia dada ampikie na yeye chakula cha jioni.

Alikaa mpaka mvua zikaisha. Ng'ombe wake aliagiza watu wawatunze. Kila asubuhi kabla hajasogea alikohoa mara tatu na kugeuza uso barabarani kuyatazama malori, ili mkamwana wake apite nyuma kwenda bafuni kwa nafasi. Wageni walipozidi ujasiri aliwasalimu, "Mwagonile," kwa sauti ya kumaliza mazungumzo. Dada aliniuliza kila siku mzee anarudi lini, nami nilimjibu mzee haulizwi. Sikusikia tena neno juu ya kuku mwenye kideri, maana Tata mwenyewe alisinzia mchana kweupe na nani angemcheka? Ndani, Atupele alilala kama mtoto mchanga, akaamka, akala ndizi alizozileta mkwewe, akalala tena. Baadaye akaanza kukaa kitandani na kumsuka Sekela. Baadaye akaomba kitabu. Siku moja Tata alikuwa akimsimulia jirani jinsi alivyomkimbiza ng'ombe aliyekula sabuni, na kutoka nyuma ya mlango tukasikia mtu anacheka. Alicheka mpaka akakwama pumzi. Tata akatazama malori, kisha akaisimulia tena ile hadithi tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

Nilifurahi, naam, lakini hasira haikunitoka, na haijanitoka. Jiulizeni wenyewe. Cheti cha daktari hakikuheshimiwa. Neno la mume halikuheshimiwa, liliitwa limbwata. Mwanamke mwenyewe aliyeketi sakafuni mbele ya watoto hakuheshimiwa. Kilichoheshimiwa ni kigoda cha mzee! Ili mke wangu alale ilibidi mwanaume akae mlangoni na watu waogope. Wananiambia nishukuru mila. Nilimshukuru Tata, na yeye alistahili. Mila ni ile ile iliyomfukuza mama yangu miibani miaka yote akiwa amechoka, na hakuna aliyemkalia mlango.

Tulirudi Iringa, akashika chaki tena, na hakuisahau tarehe. Lakini tangu hapo kila siku baada ya chakula cha mchana alijilaza, hata dunia ipinduke, na mimi ndiye niliyejibu hodi. Tata alipofariki, Atupele aliomba ruhusa ya wazee amwone uso kabla jeneza halijafungwa. Walibishana, wakakubali. Alisimama pale, akautazama kwa mara ya kwanza uso wa mtu aliyemlinda msimu mzima wa mvua, akasema, "Kumbe alikuwa na kovu kwenye nyusi." Kigoda tulipewa sisi.

Sasa turudi msibani. Baada ya makaburini watu walirudi nyumbani, wakajaa mpaka barabarani. Sekela alikuwa amemuuguza mama yake tangu masika, hajalala, macho mekundu, na kila upande alikuwa anaitwa. "Sekela, chai ya wazee!" "Sekela, sahani hazitoshi!" "Sekela, njoo usalimie wageni wa Mbeya!" Nilimwona amesimama katikati ya ua, ana jagi mkononi, anatazama vikombe kama hajui kinachofuata. Nikamnyang'anya lile jagi. Nikamshika mkono mpaka chumbani, nikamwambia alale, nikavuta mlango. Kisha nikachukua kigoda cha Tata kutoka juu ya kabati, nikakiweka mlangoni, nikakalia.

Wakaja. Shangazi mmoja, akifuatana na yule kijana msoma wasifu, akaniambia wageni wanamtaka mfiwa. Nikasema amelala. "Amelala? Siku ya leo?" Nikasema amelala. Mimi si mkwe wa mtu yeyote pale, sina mila ya kunilinda, nilikuwa na hasira yangu na miguu mitatu ya mti. Walisimama mbele yangu kitambo, wakitazamana. Nikakohoa mara tatu, nikageuza uso barabarani.